Maswali ya Wasomaji: Matokeo Yaliyochelewa na Dirisha la Pili la Mkutano

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatafiti kifua kikuu hapa Mwanza. Muda wa kutuma ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, kwenye mkutano mmoja wa kimataifa ulipita sampuli zetu zikiwa bado maabara. Sasa majibu mengi yametoka, na nasikia lipo dirisha la pili kwa matokeo mapya. Je, nitume, nikieleza kwamba yaliyobaki yatatolewa mkutanoni?
– Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, tuma, lakini bila ahadi hiyo. Dirisha la pili limewekwa kwa ajili ya matokeo mazito ambayo hayakuwepo lile la kwanza lilipofungwa, wala si kwa ajili ya mwandishi aliyechelewa kuandika. Kumbuka jaribio la PURPOSE 1 la lenacapavir, sindano ya kuzuia maambukizi ya VVU, lililofanyika Afrika Kusini na Uganda: Juni 2024 ilitangazwa kwamba kati ya wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna aliyeambukizwa VVU, na mwezi uliofuata matokeo yakawasilishwa kwenye Mkutano wa Kimataifa wa UKIMWI mjini Munich. Habari kama hiyo haingeweza kungoja mkutano mwingine, miaka miwili baadaye.

Kwa hiyo eleza waziwazi majibu yalipatikana lini na kwa nini hayakuwezekana mapema, kisha utoe tarakimu ulizo nazo, kwa maana ikisiri inayoahidi matokeo bila kuyaonyesha kwa kawaida hukataliwa. Hapa ndipo ninapokuomba uwe mwangalifu zaidi. Kuotesha vimelea vya kifua kikuu huchukua wiki kadhaa, na makohozi yenye vimelea vichache ndiyo huchelewa kuota. Maana yake wagonjwa ambao majibu yao hayajatoka huenda wasifanane na waliokwisha kupata, na asilimia utakayoitangaza leo inaweza kubadilika. Taja idadi ya waliosajiliwa, ya wenye majibu na ya wanaosubiriwa, na usivuke hapo katika hitimisho.

Waandishi wenzako wote waisome na kuiridhia kabla hujatuma. Angalia pia cheti chako cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), ambacho huweka sharti la kuomba kibali kabla ya kuchapisha matokeo; kibali hicho kiombe leo. Mwisho, soma saa ya kufunga kwa makini: saa 5:59 usiku ya Ulaya ya Kati, majira ya baridi, ni saa 7:59 usiku kwetu.