Corsair ya 1/48: picha kwanza, bawa baadaye

Wengi wakipata seti ya modeli ya plastiki ya F4U-1A Corsair, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa kipimo cha 1/48 (ndogo mara 48 kuliko halisi), hukimbilia chumba cha rubani siku hiyo hiyo. Ngoja kwanza. Tafuta picha ya ndege moja, yenye namba yake ubavuni, uifuate hiyo tu, maana Corsair zilirekebishwa kiwandani na vituoni vita vikiendelea, na mbili za kikosi kimoja zinaweza kutofautiana.

Angalia ukingo wa mbele wa bawa la kulia, nje kidogo ya bunduki. Je, kuna kipande kidogo cha pembetatu chenye urefu wa sm 15 hivi? Kiliongezwa kwa sababu ndege ikipunguza mwendo ili itue, bawa la kushoto lilikuwa likipoteza nguvu ya kuinua na kuanguka mapema kuliko la kulia. Kwenye 1/48 ni mm 3 tu, lakini anayeijua Corsair atakitafuta. Ukitaka ya Waingereza, tuseme zile za meli ya kubebea ndege Illustrious zilizoshiriki kuishambulia bandari ya Sabang (Indonesia ya leo) Aprili 1944, ncha za mabawa zilikatwa sm 20 kila upande ili ndege ikikunja mabawa ienee chini ya dari ya banda ndani ya meli. Kwako ni mm 4. Kama seti haina ncha fupi, kata kwa msumeno mwembamba na ulainishe kwa msasa wa 400, kisha wa 800.

Sasa bawa lenyewe. Limepinda kwa sababu propela ina kipenyo cha zaidi ya mita 4. Bila mpindo huo, miguu ya magurudumu ingekuwa mirefu na dhaifu. Mpindo huo ndio unaoharibu modeli nyingi. Sehemu ya kati hukaa vizuri, lakini vipande vya nje vikigundishwa kimoja kimoja, kila kimoja huchukua pembe yake. Vigundishe vyote viwili kwa mkupuo mmoja, kisha weka chini ya kila ncha rundo la kadi lenye kimo sawa. Pima kutoka kila ncha hadi ncha ya mkia. Tofauti ikizidi mm 1, sogeza kabla gundi haijashika. Tumia gundi majimaji ya plastiki, uipitishe kwa brashi kwenye mwanya iingie yenyewe, uache saa 24. Mstari unaobaki kwenye kiungo cha kukunjia usiuzibe kwa puti, kwani hata ndege halisi ilikuwa nao. Wa kuzibwa ni mwanya wa shina la bawa na kiwiliwili, na huo hupungua ukitanua kiwiliwili kwa ndani kwa kijiti cha plastiki kilichokatwa kwenye fremu ya vipande. Seti nyingi zinakuruhusu kukunja mabawa. Kwa modeli ya kwanza, yanyooshe. Bawaba nyembamba huvunjika kirahisi.

Matundu ya hewa kwenye mashina ya mabawa yapake rangi ndani kabla ya kufunga, baadaye brashi haifiki. Chumba cha rubani cha -1A hakina sakafu, kuna reli mbili za kuwekea miguu tu na chini yake ni tumbo la ndege, kwa hiyo paache penye giza. Injini ina silinda 18 katika safu mbili za tisa: rangi ya fedha, kisha wino mweusi mwepesi, na kasha la mbele kijivu. Ukifungua vibamba vya kupooza injini, vile vya juu kabisa viache vimefungwa. Vilizibwa ili mafuta yasimrukie rubani kwenye kioo. Uzito wa pua hauhitajiki, ndege hii hukalia mkia.

Kioo kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Mvuke wa supa gluu hukifanya kuwa na ukungu usiotoka.

Kwa rangi tatu za jeshi la majini la Marekani za 1943, anza na nyeupe ya tumbo, halafu buluu ya kati ubavuni, mwisho buluu nzito ya juu. Hapa wengi hukosea: chini ya vipande vya nje vinavyokunjwa si peupe, ni buluu ya kati, kwa kuwa mabawa yakikunjwa upande huo ndio ulioonekana kutoka juu. Changanya kipimo 1 cha rangi na 2 vya tina (kiyeyushi cha rangi), shinikizo la kinyunyizio PSI 15 hivi. Kwa walio Mombasa au Dar, usinyunyize siku ya mvua. Unyevu hugandisha utando mweupe juu ya rangi iliyochanganywa na tina. Kisha vanishi ya kung'aa kabla ya kubandika dekali (alama za karatasi za ndege), vinginevyo hewa hunasa chini yake na kingo zinang'aa kama fedha.

Uchakavu una mipaka yake. Nyuma ya mhimili mkuu, vipande vya nje vya bawa vilifunikwa kitambaa, vivyo hivyo usukani wa mkia, kwa hiyo kuchubua rangi ya fedha hapo ni kosa. Michubuko iwe penye nyayo za mafundi, kwenye mashina ya mabawa na milango ya bunduki, na chini ya buluu ionekane praima (rangi ya msingi) ya manjano-kijani kabla ya bati. Mbele ya kioo kuna tangi la mafuta la lita karibu 900 lililokuwa likivuja, na mafundi wa VF-17, kikosi cha jeshi la majini la Marekani, huko visiwa vya Solomon waliziba maungio yake kwa tepu nyeupe. Kata tepu ya upana wa mm 1 au paka mistari, lakini fuata picha yako. Si kila ndege ilikuwa nayo.