Tukilala kwa hema Hell's Gate, nyati atatuacha kweli?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana 7 mwingine 11. Hii likizo ya Agosti wanataka tukalale kwa hema Hell's Gate, ile mbuga ya Naivasha, juu kuna wenzao wa shule walienda wakarudi na picha, sasa nyumbani hakuna amani. Baba yao anasema hiyo ni kulipa pesa ndio uteseke, ati hata ushago hatulali nje. Mimi naye naogopa nyati, na nimesikia nyani wa huko ni wezi sugu. Hatuna gari. Ni salama? – Mama Wawili, Umoja

JIBU: Mama Wawili, baba watoto ako na ukweli kidogo, usiku wa kwanza mgongo utauma na mtu ataamka kila saa akiuliza "umesikia hiyo?" Lakini kulala hapo watu wanalala kila wikendi na watoto wao na wanarudi wote. Hell's Gate ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ni moja ya mbuga chache Kenya unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli, pundamilia na kongoni na ngiri wanakula nyasi kando ya barabara nawe unapita tu, simba kumwona hapo ni nadra sana.

Nyati ndio wa kuheshimu. Kundi kubwa si shida vile watu hudhani, shida ni dume mzee amebaki peke yake, amelala kwa kichaka, hasira imejaa. Kwa hivyo hakuna njia za mkato vichakani, na watoto wasitangulie na baiskeli wakawaacha huko nyuma mkihema. Mkimpata amesimama barabarani simameni mbali, mngojee, hata kama ni nusu saa, yeye ndiye mwenye shamba.

Usiku sasa. Ukifunga zipu ukatulia ndani wanyama huona hema kama jiwe tu, wanazunguka wanaenda zao. Hatari iko kwa ile safari ya choo saa nane usiku. Kojoeni wote kabla ya kulala, na ikibidi mtu atoke, amulike tochi pande zote kwanza akiwa bado mlangoni, akiona macho yanang'aa arudi ndani. Mimi hubeba ndoo ndogo ya mfuniko, siku hizi sioni haya kusema.

Nyani wacha nikuambie mwenyewe. Mwaka wa kwanza niliacha mkate, avokado na pakiti ya unga juu ya meza nikageuka kuwasha jiko, dakika mbili hivi, dume moja likashuka likakaa hapo hapo kwa meza likala avokado likiniangalia usoni, unga likararua likamwaga, hema lote likawa jeupe kama tumepiga chokaa. Nikirusha jiwe halishtuki. Ukweli ni kwamba karibu kila balaa la wanyama kwa kempu linaanzia chakula, mtu ameacha maganda, mwingine ameficha biskuti kwa hema, mwingine anawarushia ndizi apige picha, na nyani akishajua hema lina chakula atakuja kwa kila hema hata la mtu hana kitu. Kwa vile hamna gari la kufungia chakula, chukueni lile sanduku la bati la bodingi, lenye kufuli. Halifunguki, na harufu haitoki sana. Ndani ya hema hata peremende isiingie, hapo pekua mifuko ya hao wawili vizuri.

Na pimbi pale Fischer's Tower, ule mwamba mrefu uliosimama peke yake, watakuja karibu sana, sura kama panya mnono hivi. Msiwape kitu. Mwambie baba watoto jamaa yao wa karibu ni ndovu, ni ukweli wa kisayansi, atabishana mpaka Naivasha.

Hema lifungueni nyumbani kwanza, hata sebuleni. Mimi nilikodi moja hapa tao, nikafika kule jua linazama ndio nikajua halina vigingi hata kimoja, na zile kempu ziko juu ya majabali, Naiburta na Ol Dubai, upepo wa huko si wa mchezo. Tulifunga kwa mawe na kamba za viatu. Fikeni kabla ya saa kumi jioni mjipange mkiona. Agosti ni baridi, Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na blanketi nzito iende chini yenu, si juu, ardhi ndiyo inanyonya joto. Maji bebeni, msitegemee mfereji.

Kitu kimoja ambacho hujauliza na mimi kinanitia wasiwasi kuliko nyati: korongo, lile bonde jembamba la mawe ndani ya mbuga. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali kabisa, nyinyi mko kwa jua, halafu maji yanashuka kwa ile njia nyembamba kama gari bila breki. 2012 watu walikufa hivyo hapo, na 2019 tena. Ulizeni getini kama limefunguliwa, chukueni mtu wa hapo wa kuwaongoza njia, na wingu likionekana upande wowote achaneni nalo, watoto walie tu.

Kufika ni rahisi, ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi, matatu mpaka Naivasha mjini, halafu ingine ya barabara ya ziwa mpaka njia panda ya kuingia geti la Elsa, baiskeli za kukodi ziko hapo. Malipo ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, kwa hivyo simu iwe na chaji, na beba kitambulisho. Chupa za maji za kutupa acha nyumbani, plastiki hiyo ilipigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020.

SWALI: Si ni afadhali kulala kando ya Ziwa Naivasha, hakuna nyati? – Kevo, Rongai

JIBU: Kuna viboko, Kevo. Usiku wanatoka majini kula nyasi, na kempu nyingi za pale zimeweka waya wa umeme kati ya hema na ziwa. Kaa upande wako wa waya, na popote utakapomkuta usisimame kati yake na maji, kiboko akishtuka anakimbilia majini na wewe ndio uko njiani, mbio zake huziwezi.

SWALI: Naweza kuja na mbwa wangu na spika? – Shiru, Kasarani

JIBU: Mbwa haruhusiwi mbugani. Spika nayo iache nyumbani, Shiru, jirani wa hema la pili atalala kweli?