Jibu kwa mdau anayetaka kutengeneza gemu la RPG la uchawi na roketi: yaliyonikuta mimi

Mkuu, uzi wako nimeusoma jana usiku nikacheka peke yangu, si kwa dharau, ni kwa vile 2019 ningeweza kuuandika mimi neno kwa neno. Umesema mko watatu, mnataka RPG (gemu ambalo mchezaji anaishi hadithi kama mhusika) ya sayari saba, uchawi na roketi humo humo, mji kwenye kila sayari, miaka miwili iwe imeisha, na unauliza injini ipi (programu ya kuundia gemu), muandike Kiswahili au Kiingereza, na kama uache kazi. Sisi tulikuwa na sayari tisa. Watatu vilevile. Nilikuwa na daftari la kurasa 140, humo kuna biashara ya chumvi kati ya sayari na sayari, kuna ukoo wa kifalme wa vizazi kumi na viwili, na baada ya miezi kumi na nane kitu pekee cha kuchezeka tulichokuwa nacho ni kijana mmoja anatembea ufukweni na kuku mmoja anayepenya ukuta.

Injini napita haraka maana humu watu wanagombana kama Simba na Yanga. Natumia Godot. Ni bure kweli kweli, leseni yake haikudai asilimia ya mauzo, na inafunguka kwenye laptopu yangu ya mtumba ya RAM 8 bila feni kupiga kelele. Kama gemu lako ni la 2D inatosha sana. Stardew Valley liliundwa na mtu mmoja kwa zaidi ya miaka minne, likatoka 2016, na ukimuuliza mchezaji yeyote limetengenezwa kwa injini gani hajui na wala hajali. Sasa kama mtu mmoja gemu la shamba limemla miaka minne, wewe sayari saba kwa miaka miwili piga mwenyewe hesabu.

Tena hesabu ndiyo hatukuwahi kupiga. Mchoraji wetu alikuwa anachora kila mhusika akitembea pande nne, kila upande fremu nne, hizo 16. Kushambulia 16 nyingine, kuumia 4, kufa 4. Jumla 40 kwa mhusika mmoja, na daftari langu lilikuwa na wahusika 60, yaani michoro 2,400 kabla hujachora hata mnazi mmoja. Jamaa alichora wahusika saba akapata kazi ya kutengeneza nembo za kampuni, analipwa, akaenda, na simlaumu hata kidogo. Kwenye hadithi ni hivyo hivyo: maamuzi kumi ya ndiyo au hapana yanayokumbukwa mpaka mwisho ni hali 1,024 tofauti za dunia yako, na kila moja inaweza kuwa na mahali inapogoma. Mimi niliahidi maamuzi mia.

2023 nikaanza upya peke yangu, na mwenzangu mmoja wa muziki anakuja wikiendi. Sayari tisa zikawa visiwa vitatu, visiwa vitatu vikawa kisiwa kimoja na jukwaa kubwa la chuma baharini, na hapo ndipo gemu likaanza kuwa na sura. Hilo jukwaa la chuma sikuliota. Mama yangu kwao Malindi, na mjomba alikuwa anatuhadithia Waitaliano walivyokuwa wanarusha roketi kutokea baharini pale Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco, sisi watoto wa Tanga tunadhani anatupiga kamba. Kumbe kweli tupu. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale satelaiti ya Wamarekani, ya kwanza kutengenezwa maalumu kwa kupima miale ya X kutoka angani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya ikapewa jina Uhuru. Nikajiuliza, kama chuma kinatoka bahari yetu kinakwenda juu kwenye nyota za Kilimia, majini wa pale pwani walilionaje jambo hilo? Hawakuulizwa. Basi hilo likawa gemu zima. Chombo cha angani nikakifanya mtepe, ubao umeshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, tanga la mkeka, maana hadithi yangu inasema majini hawapandi kitu chenye msumari. Mstari mmoja huo wa sheria umenifanyia kazi kuliko kurasa 140, kwa sababu mchezaji akiona msumari mahali anajua tayari kwamba hapo pana shida.

Sasa nije kwenye Kiswahili au Kiingereza, hapa nitakaa kidogo.

Mafunzo mengi ya RPG utakayoyakuta mtandaoni yanakufundisha kuweka sentensi yenye tundu halafu unachomeka jina la kitu. Nikafanya hivyo. Sentensi yangu ilikuwa "[kitu] yako imevunjika". Ngao yako imevunjika, safi. Nikampa shangazi ajaribu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hajawahi kucheza gemu maishani, akapigana na kaa wa kwanza pale ufukweni na kwenye skrini ikatokea "Kisu yako imevunjika". Akaacha kila kitu akanigeukia. "Hii kaandika nani? Mgeni?" Na hakuendelea kucheza mpaka niliporekebisha, nikamwona kabisa hafanyi mzaha.

Marekebisho yenyewe si kubadilisha sentensi. Kila kitu kwenye jedwali lako la vifaa lazima kiwe na safu ya ngeli. Kisu KI-VI, mkuki U-I, upanga U-ZI, jambia LI-YA, ngao I-ZI. Safu nyingine ya wingi, maana "umepata kisu 3" haikubaliki na huwezi kuacha kompyuta ikisie yenyewe wingi wa upanga. Halafu unaandika kifunguo kimoja kidogo, yaani kipande cha programu: unakipa ngeli na idadi, kinakurudishia kiambishi cha kitenzi na cha umiliki. Kisu chako kimevunjika, jambia lako limevunjika, mikuki yako imevunjika, vyote vinatoka sentensi moja. Idadi niliziacha kwa tarakimu makusudi, "visu 3", nikaepuka vitatu, mitatu, matatu. Vivumishi nimebakisha kimoja tu, -pya, kwa sababu jipya na kipya na mpya vilishanitoa jasho la kutosha. Wiki mbili nzima za kazi, aisee, na sikupata fundisho hata moja la kunionyesha njia maana mengi yameandikwa kwa Kiingereza, lugha isiyo na tatizo hili.

Likaja tatizo la pili, majini. Jini kwa umbo liko LI-YA, ila ni kiumbe, tunasema jini amekuja. (Mtu akisema jini limekuja kuna dharau au kuna woga ndani yake, na hilo nalo nililitumia kwa adui mmoja.) Ikabidi niongeze safu ya tatu, "hai", ndiyo au hapana, ikiwa ndiyo inaipindua ngeli na kuleta a- na wa-. Nikajaza jedwali lote jioni moja, jini ndiyo, kaa ndiyo, kuku ndiyo, nikafika kwa lile roboti la chuma linalomfuata mchezaji, mimi naliita mtambo, nikashika kibodi nikakwama. Maana kwenye hadithi kuna jini anaingia ndani ya ule mtambo pale jukwaani, na mchezaji haambiwi kama kweli ameingia. Mtambo, ngeli ya U-I. Mtambo umechoka. Hata gari linachoka, injini inachoka, hakuna cha ajabu. Lakini safu ya hai nikiigeuza katikati ya gemu inakuwa mtambo amechoka. "Wako" haibadiliki, ni mtambo wako hivi na mtambo wako vile. Inabadilika herufi moja tu.

Nikafuta muziki wa tukio lile, nikafuta mwanga, nikafuta mazungumzo ya kurasa tatu niliyokuwa najivunia, nikabakiza herufi.

Mpwa wangu wa miaka kumi na tatu ndiye alijaribu kwanza, barazani, mimi nimejifanya nakunywa chai. Muda wote alikuwa anautumia ule mtambo kama ngao, anausukuma mbele upigwe yeye akijificha nyuma. Akapita jukwaani, akashuka ngazi, pigano la kwanza ikatokea "Mtambo wako amechoka". Akasema anko hapa umekosea, umeandika amechoka. Sikujibu. Akapigana mara ya pili, ikatokea tena. Akatulia kidogo, halafu akaurudisha mtambo nyuma yake, yeye akakaa mbele. Wengine wawili niliowajaribisha hawakuona kitu kabisa, na mmoja aliniandikia ripoti ya bagi (kosa la programu) kwa ukali, kwa hiyo usifikiri ni dawa ya kila mtu.

Kwa hiyo jibu langu, andika Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. Kiingereza chenyewe bado kinanisumbua mpaka leo kwa sababu anayenitafsiria aliniuliza swali halali, huyu mtambo akishakuwa hai ni mwanamume au mwanamke, na sisi "a-" yetu haijawahi kuuliza hilo. Kuna kampuni moja ya nje ilitaka kulichapisha, sitaitaja, wao walitaka Kiingereza tupu na wakaniuliza kama naweza kuongeza simba na mbuga. Kisiwani! Tukaachana kwa heshima. Wakameruni wa Kiro'o Games, Yaoundé, walitoa Aurion 2016 ikiwa na hadithi yao wenyewe na dunia yao wenyewe, nikajisemea kama wao waliweza, mbuga hainihusu.

Mengine kwa kifupi. Sevu zako, yaani kuhifadhi mchezo ulipofikia, jaribu mapema, siyo mwisho. Mimi vifaa vya mchezaji nilivihifadhi kwa namba, dawa ni namba 7, nikasevu kwa JSON (muundo wa kuhifadhi data kama maandishi), na JSON ikishasoma faili upya zile namba za vifaa zote zinarudi zikiwa maandishi, kwa hiyo gemu linatafuta 7 wakati mfukoni kuna "7", linakuambia huna dawa. Siku tisa nimezitafuta zile dawa. Na tumia Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, tangu siku ya kwanza hata kama uko peke yako, laptopu yangu ya zamani ilikufa na kazi ya miezi minne, nilikuwa nasevu kwenye fleshi "nikikumbuka".

Hela. Steam, duka la magemu mtandaoni, unalipa dola 100 kwa kila gemu, zinarudi gemu likishaingiza dola 1,000. Wanachukua asilimia 30. Halafu Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo kwenye mauzo ya Marekani fungu lako linakatwa asilimia 30 nyingine, yaani gemu la dola 10 likinunuliwa kule unabaki na kama 4.90, hapo bado ada za benki. Weka hilo kwenye bajeti kabla hujawaahidi wenzako mgao. Na mnunuzi ana haki ya kurudishiwa hela ndani ya siku 14 kama hajacheza zaidi ya saa mbili, sasa sisi mwanzo wetu ulikuwa dakika 25 za maandishi ya historia ya ufalme. Nimezikata zikabaki nne, na hizo nne kuna kaa wa kupigana naye.

Kazi usiache. Mimi naamka saa kumi alfajiri, naandika mpaka saa kumi na mbili, naoga, naenda kazini kama wengine, na mwaka wa jana nzima nimemaliza kisiwa kimoja. Wewe wiki hii waambie wenzako wachague sayari moja kati ya zile saba, halafu njoo na orodha ya vifaa kumi vya mwanzo vikiwa na ngeli zake, kile kifunguo changu nitakutumia bure.