Ananidakia kila kikao, na sasa hatusalimiani

Shangazi, shikamoo. Nina miaka miwili katika idara ya hesabu. Kuna kaka mmoja hapa, amenizidi umri na miaka ya kazi, ingawa si bosi wangu. Nikianza kueleza jambo kikaoni, ananidakia. Nikikosea hata tarakimu moja, haji mezani kwangu; anaandika kwenye kundi la idara, meneja akiwamo. Wiki iliyopita nilimjibu humohumo kwa maneno makali, na sasa hatusalimiani. Ripoti yangu ya mwisho wa mwezi lazima ipitie kwake. Niombe kuhamishwa?

Marahaba, mwanangu. Usiombe bado. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema kwamba mliwahi kukaa wawili tu ukamweleza kinachokuuma. Sikupaona.

Nilifanya kazi ya stoo miaka kumi na tisa. Mwenzangu mmoja alikuwa akinirudishia fomu za kutolea mali mbele ya madereva waliosubiri mzigo, amezichora wino mwekundu, huku akinisema. Nilinyamaza miezi minane. Kisha nikamwandikia barua ya kurasa mbili, nakala kwa meneja, nikamwita mwenye dharau na mchonganishi. Tulipoitwa, aliuliza swali moja tu: "Dharau ipi? Nitajie siku." Sikuwa na siku hata moja ya kutaja. Iliniuma sana, maana dharau ilikuwapo kweli.

Kwa hiyo wewe nenda na siku. Mwambie: "Kaka, Jumanne nilipokuwa naeleza tofauti ya salio la benki, ulinidakia kabla sijamaliza. Nikapotea, na meneja akaondoka bila jibu. Naomba uniache nimalize, halafu unikosoe." Hapo hukumwambia "wewe kila siku", wala hukuitaja tabia yake. Ukimwita mtu mwenye dharau atakaa kujitetea. Ukimtajia jambo lililotokea mbele ya watu wanane, atalijibu hilo.

Kisha muulize, na umsikilize kwa dhati: kosa likionekana kwenye ripoti, nani huulizwa kwanza? Mwaka 1977 mwanasaikolojia Lee Ross aliipa jina tabia yetu ya kueleza matendo ya mwenzetu kwa moyo wake mbaya, tukisahau mazingira yanayombana. Simtetei, kukuanika mbele ya meneja ni vibaya. Lakini kama lawama zote humwangukia yeye, mnaweza kukubaliana umpe ripoti siku moja mapema, na makosa akuonyeshe mezani.

Kabla ya hayo yote, maneno yako ya kwenye kundi yaombee radhi. Maneno yale tu, si malalamiko yako. Maandishi hayana sauti wala uso: utafiti wa Justin Kruger na wenzake wa mwaka 2005, kuhusu barua pepe, ulionyesha kwamba waandishi hudhani msomaji ataitambua vizuri zaidi sauti waliyokusudia kuliko anavyoitambua kweli. Huenda hata yeye aliandika "rekebisha" bila hasira, nawe ukasoma kelele. Jambo lolote linalokuchemsha, lipeleke kwa mdomo.

Akikudakia tena kikaoni, sema "Namalizia, kaka," uendelee kwa sauti ileile.

Ikiwa mmezungumza na hali haijabadilika, andika tarehe, maneno yaliyosemwa, waliokuwapo na kazi iliyoharibika, umpelekee meneja. Na endapo kuna matusi, vitisho, au maneno juu ya mwili wako, usikae naye peke yako hata dakika moja. Nenda moja kwa moja kwa viongozi.

Usimfuate siku ya kufunga hesabu, wote mtakuwa mmechoka. Kesho asubuhi anza na salamu, hata asipoitikia. Ukishakaa naye niandikie tena. Nataka sana kujua alikujibu nini kuhusu ile ripoti.