Lazima Kwanza, Furaha Inafuata

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: "Wakati wa baridi kali, ni nini hukutoa nje kwa furaha na si kwa lazima?" Naomba nianze kwa kubishana na swali. Kwangu mimi lazima ndiyo hutangulia, furaha ikafuata nyuma. Nina mbwa, na mbwa haahirishi haja zake eti kwa kuwa theluji imefika magotini. Ukimsomea kipimajoto atakutazama tu, mkia unacheza, pua iko mlangoni. Basi natoka. Bila yeye mngenikuta chini ya blanketi msimu mzima.

Ila kutoka ni jambo moja, na kukaa huko nje ukafurahi ni jambo jingine. Hapo ndipo anapoingia rafiki yangu na sindano zake za kufumia.

Wafumaji wako wengi, na wengi wetu tuna droo iliyojaa skafu za watu tunaowapenda ambazo hatujazivaa hata mara moja. Huyu ana tabia moja nzuri: kabla hajafuma, hutazama. Tulikuwa tukitembea na mbwa, akaona kwamba nikitaka kufungua ndoano ya kamba shingoni mwa mbwa navua glavu, nikitaka kuokota kinyesi navua glavu, nikitaka kumpa kitu cha kutafuna navua tena. Kabla ya nusu ya njia vidole vimeshakufa ganzi. Hakusema kitu. Baadaye akaniletea glavu zilizokatika katikati ya vidole, na kwa juu zina kifuko kinachokunjuka na kuvifunika vidole vyote vinne kwa pamoja. Nikiwa na kazi nakikunja nyuma, nikimaliza nakirudisha. Kuvikusanya vidole mahali pamoja kuna maana yake, maana vikilala chumba kimoja hupashana joto, lakini kila kimoja kikiwa na ala yake hupoteza joto pande zote.

Tena ni sufu halisi. Sufu inaweza kunyonya unyevu unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa haikutupi mara moja, kwa kuwa nyuzi zake zimejikunjakunja na kushika hewa katikati. Pamba ikilowa hulala juu ya ngozi na kukunyang'anya joto. Kwa mtu anayeshika kamba iliyoburuzwa kwenye theluji saa nzima, tofauti hiyo si ya vitabuni.

Soksi nazo alizifuma kwa akili hiyo hiyo. Hakuniuliza namba ya mguu, aliuliza viatu vyangu vya baridi vina nafasi kiasi gani ndani. Soksi nene kwenye kiatu kinachobana huleta baridi badala ya kuizuia: hewa inakamuliwa yote, na damu inapita kwa shida.

Sasa ndiyo nakawia. Zamani ilikuwa nenda, maliza, rudi, na anayekimbilia nyumbani haoni kitu. Siku hizi nasimama kando ya maji yaliyoganda nikawatazama bata wakitembea juu ya barafu miguu mitupu, nami nimevaa kama gunia. Mishipa inayoshusha damu ya moto miguuni mwao imepakana na ile inayopandisha damu iliyopoa, kwa hiyo joto huhamia kwenye damu inayorudi mwilini kabla ya kufika kwenye barafu na kupotea. Nyayo za mbwa zina mpango unaofanana na huo, ndiyo maana wangu anaweza kusimama kwenye theluji akinusa shimo moja mpaka mimi nichoke. Kinachomsumbua zaidi ni vijibonge vya barafu vinavyojishika kwenye manyoya katikati ya vidole, na chumvi inayomwagwa barabarani. Tukirudi namwosha nyayo kwa maji ya vuguvugu na kuzikausha, asije akailamba. Na nikiona maji yamevuja chini ya gari namvuta mbali: dawa inayotiwa kwenye rejeta ili maji yasigande mara nyingi ina ladha tamu, na kiasi kidogo tu kinaweza kumuua.

Safari niipendayo kuliko zote ni ya kwenda kumwona farasi mzee wa rafiki yangu huyo. Wengi humwonea huruma farasi aliye nje wakati wa baridi, na mara nyingi huruma hiyo imekosa mahali. Manyoya yake ya msimu huanza kuota siku zinapoanza kuwa fupi, baridi yenyewe ikiwa bado haijafika. Theluji ikimkalia mgongoni bila kuyeyuka, hiyo ni habari njema, kwani joto lake linabaki ndani. Akipata nyasi kavu za kutosha, uchachukaji wake tumboni humpasha kutoka ndani. Anachohitaji ni mahali pa kujikinga na upepo na mvua, na maji yasiyoganda. Rafiki yangu akitaka kumfunga hatamu hushika kwanza lijamu viganjani mpaka chuma kipate joto, ndipo amtie mdomoni. Mimi huvua glavu kwa hiari nikaingiza mkono chini ya manyoya ya shingo yake. Pana joto ajabu pale.

Mbwa wangu naye ana zawadi yake, koti la sufu linalofungwa tumboni. Lilimfaa, kwa sababu ana manyoya mafupi na umri umeenda. Jirani alipoliona alitaka la mbwa wake, dubwana lenye manyoya ya tabaka mbili ambalo hujilaza kwenye theluji kwa raha zake. Rafiki yangu alikataa kulifuma. Nilimuunga mkono, ingawa jirani hakufurahi. Mbwa wa namna hiyo akivalishwa koti huweza kupata joto kupita kiasi, na anayefurahia zawadi ni mwenye mbwa.

Mimi sijui kufuma, na sina nia ya kujifunza. Nimeona uzi mwingi mzuri ukiharibiwa na watu wenye nia njema. Ninachompa rafiki yangu ni asubuhi zake. Akiwa na mafua, au akitaka tu kulala, hunipigia simu, nami na mbwa tunakwenda kumpa farasi nyasi na kuvunja barafu kwenye pipa la maji.