Gazeti limefungwa lakini vikao vinaendelea, nenda ukakae

Wiki iliyopita dada mmoja kanitumia meseji, ndefu kweli, na tangu niisome sijatulia. Anasema kwao gazeti la eneo lilishafungwa, redio imebaki muziki na salamu, na kuna barabara imechimbwa ikaachwa hivohivo, akiuliza anaambiwa "linashughulikiwa". Mwisho anauliza: mimi sio mwandishi, sina kitambulisho cha habari, sina mhariri, naanzia wapi? Nilitaka nimjibu kwa mistari mitatu nikashindwa. Namjibu hapa kwasababu najua hayuko peke yake, nyie mnaonisoma wengi wenu mna kiu hiyohiyo ya kujua pesa ya umma inaenda wapi.

Mimi nimelelewa na gazeti dogo la wiki. Wenzangu walikimbilia michezo na siasa kubwa, mimi nikapewa madiwani, na nikapenda. Baraza, kamati ya fedha, kamati ya mipango, siku hakuna kikao nashinda mahakamani. Watu wanadhani hiyo ni kazi ya kusinzia. Jamani, kwenye kamati ya fedha ndo maamuzi yanafanyika, ikifika kwenye baraza zima huwa wanapitisha tu, mtu anasoma, mwingine anaunga mkono, imekwisha. Mwandishi anayekuja siku ya baraza kubwa peke yake anakuta chakula kimeshaliwa. Mimi nilikuwa nakaa kamati, kiti cha nyuma karibu na mlango, na nilijifunza kitu ambacho hakuna chuo kingenifundisha, kwamba watu wazima wenye vyeo vyao wanabadilisha sentensi katikati wakimuona mtu anaandika. Nimeshuhudia kwa macho yangu. Afisa anaanza kusema "hiyo tutaimaliza wenyewe", ananiona nimeinamia daftari, anageuza, "hiyo tutaileta na maandishi kikao kijacho". Sijauliza swali, sijanyanyua mkono. Nimekaa tu.

Halafu gazeti likafa. Hatukufa kwa kuandika vibaya, hilo naomba mnielewe. Matangazo ndo yaliondoka. Yale madogomadogo ya kuuza gari, nyumba ya kupanga, nafasi za kazi, ndo yalikuwa yanalipa mishahara yetu, na yote yalihamia kwenye intaneti, pesa kubwa ya matangazo ikaenda Google na Facebook. Mmiliki akauza, aliyenunua akapunguza watu, akapunguza kurasa, mwisho akafunga. Tuliambiwa kwenye grupu la kazini, meseji moja, asanteni kwa utumishi wenu. Miaka yote ile.

Lakini hilo sio lililoniuma zaidi. Kikao kilichofuata nilienda, mazoea tu, sina hata pa kuandika. Diwani mmoja akasimama akasema mbele ya wenzake kwamba sasa angalau wataongea kwa uhuru, na chumba kizima kikacheka. Hata wale niliokuwa nawaheshimu walicheka. Mpaka leo nikiwa peke yangu kile kicheko nakisikia. Siku ile nilijua kwamba kazi yangu ilikuwa na maana kuliko nilivyokuwa nalipwa, na nilijua pia kwamba siondoki kwenye kile kiti.

Sijaondoka. Miezi ya katikati naiacha, ilikuwa ya shida na haina cha kuwafundisha. Niwaambie ya juzi. Kwenye orodha ya malipo iliyoambatanishwa na makabrasha ya kamati niliona "uboreshaji wa mazingira ya zahanati". Mtu mwingine angepita. Mimi nilikuwa na faili la mwaka uliotangulia, nikakumbuka mkandarasi yuleyule alishalipwa kwa "ujenzi wa uzio" wa zahanati hiyohiyo. Nikaweka karatasi mbili mezani, namba ya hati ya malipo ni ileile. Nikaenda kuuona uzio, ni mmoja na haujaisha. Nikaandika ukurasa mmoja, picha ya karatasi ya kwanza, picha ya karatasi ya pili, picha ya uzio, na swali moja chini: malipo ya pili yalikuwa ya nini? Sikumuita mtu mwizi. Kabla ya kutoa nilimuandikia mweka hazina nikampa muda ajibu, hakujibu, nikaandika kwamba hakujibu. Watu wakasambaza kwenye magrupu, na kikao kilichofuata madiwani wenyewe walimbana, ikaandikwa kwenye kumbukumbu kwamba malipo ya pili yarudishwe na mkandarasi amalize kazi. Nimeyasoma kwa macho yangu hayo maneno kwenye kumbukumbu na sitaona haya kusema nilijivunia sana, nilijivunia kuliko stori zote zilizowahi kubeba jina langu ukurasa wa mbele.

Sasa dada yangu, na nyie wote, jibu langu la kwanza ni nenda ukakae. Najua ulitegemea kitu kikubwa zaidi, na sina kikubwa kuliko hicho. Vikao vingi vya mabaraza viko wazi kwa wananchi na hakuna anayeenda. Omba ratiba, omba ajenda, vaa vizuri, salimia, kaa, andika. Ukiambiwa hairuhusiwi omba uoneshwe kanuni inayosema hivyo, kwa upole, na uandike jina la aliyekukatalia na tarehe. Kikao kijacho rudi.

Kama unaona natia chumvi kuhusu kukaa tu, angalieni yaliyotokea Bell, California. Mji wa watu wasiofika 40,000, wengi wao wa kipato cha chini, na kwa miaka hakukuwa na mwandishi anayekaa kwenye vikao vyao. Mwaka 2010 waandishi wa Los Angeles Times walioingia pale wakifuatilia jambo jingine wakakuta meneja wa mji, Robert Rizzo, analipwa mshahara unaokaribia dola 800,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mshahara wa rais wa Marekani, na madiwani wengi wa kazi ya muda wanavuta karibu dola 100,000 kila mmoja. Gazeti lilipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2011 na Rizzo alihukumiwa miaka 12 mwaka 2014. Wote tunashangilia mwisho wa stori. Mimi naumia na mwanzo wake, ile miaka ambayo mishahara inapanda, vikao vinafanyika, kumbukumbu zinasainiwa, na viti vya wananchi viko vitupu.

Na sio wizi tu. Gazeti la Cincinnati Post la hukohuko Marekani lilifungwa siku ya mwisho ya mwaka 2007, halikuwa kubwa, liliuza nakala kama 27,000 hivi kwa siku. Wachumi wawili, Sam Schulhofer-Wohl na Miguel Garrido, walifuatilia miji ya Kentucky iliyokuwa inaripotiwa na gazeti hilo, wakaona wagombea walipungua, waliopo madarakani wakawa na nafasi kubwa zaidi ya kurudi, na wapiga kura walipungua. Utafiti mwingine wa watu wa fedha ukaonesha kwamba magazeti yakifungwa, serikali za mitaa za Marekani zinakopa kwa riba ya juu zaidi, kati ya asilimia 0.05 na 0.11 ya ziada, maana wanaokopesha wanajua hakuna anayetazama. Inaonekana ndogo, lakini weka kwenye mkopo wa shule au wa maji unaolipwa miaka 20 halafu uniambie nani anailipa. Ni wewe unaelipa, kwa gazeti ambalo ulikuwa unasema hulisomi. Zaidi ya magazeti 3,000 yamefungwa nchini humo tangu mwaka 2005, mengi ya wiki kama letu.

La pili, tunza karatasi. Hili nalisema kwa kila mtu na hakuna anayelisikia. Ule uzio niliupata kwasababu ya faili la mwaka jana, sio kwasababu nina akili kuliko wewe. Wao wanategemea usahaulifu wetu. Jina la mradi linabadilika, jina la kampuni linabadilika herufi mbili, fungu la bajeti linahamishwa, lakini namba, kiasi na tarehe vinabaki. Piga picha kila ukurasa unaoruhusiwa kuupiga, upe jina lenye tarehe, weka sehemu mbili tofauti. Kama nchi yako ina sheria ya haki ya kupata taarifa itumie, andika ombi fupi linalotaja hati moja tu kwa jina lake, maana ukiomba "taarifa zote za barabara" umewapa sababu ya kukukatalia. Omba mkataba. Omba hati ya malipo. Omba kumbukumbu za kikao cha tarehe fulani. Moja moja.

Alafu kuna jambo linanikera nililoliona Marekani mwaka 2022, na linanikera kwasababu wenzetu wadogo walifanya kazi yao. Kagazeti ka wiki ka Long Island, jimbo la New York, kanaitwa North Shore Leader, kaliandika mashaka mazito juu ya mali na maelezo ya mgombea ubunge George Santos mwezi Septemba, uchaguzi ukiwa Novemba. Kaliandika kabla! Vyombo vikubwa havikuibeba, jamaa akashinda, na ni Desemba ndo New York Times ikatoa uchunguzi wake na dunia ikashtuka. Bunge lilimfukuza Desemba 2023. Kwahiyo ukikaa ukaandika bado kazi haijaisha, lazima mtu aibebe. Tafuta watu wawili watatu unaowaamini, wasome kabla hujatoa, na ukitoa waisambaze siku hiyohiyo. Mtumie diwani wa upande wa pili, mtumie mwandishi wa chombo kikubwa na karatasi zako zote, usimnyime kwa wivu wa jina. Mimi nimeshapokonywa stori, ilikuwa ya maji, chombo kimoja kikubwa kilichukua kazi yangu nzima na kikaweka jina la mtu wake, iliniuma na bado inaniuma, lakini maji yalirudi kwenye mabomba ya watu na hicho ndo nilikuwa nakitaka.

Na wewe unayesoma ukajisemea hilo ni la waandishi, hapana. Wapangaji wa jengo la Grenfell kule London hawakuwa waandishi. Walikuwa na blogu yao, na Novemba 2016 waliandika wazi kwamba ni janga tu ndilo litakaloanika uzembe wa wanaosimamia nyumba zao. Tarehe 14 Juni 2017 jengo likaungua, wakafa watu 72. Walikuwa wamesema! Hakukuwa na ripota wa kila siku wa kulibeba lile andiko na kwenda nalo kwenye baraza kuuliza mpaka ajibiwe. Nikiifikiria hii stori nakasirika upya kila mara, na ndio maana nikisikia mtu anasema mitandao imechukua nafasi ya magazeti namuuliza, nani kwenye huo mtandao amelipwa kwenda kikao cha Jumanne asubuhi? Kila mtu ana simu, kila mtu ana maoni, lakini yale maoni yanatafuna habari ambayo lazima kuna mtu alienda kuitafuta.

Kuna sehemu wameanza kulielewa hili. Chicago kuna shirika la habari linaitwa City Bureau, wana mpango wanauita Documenters, wanawafundisha wananchi wa kawaida na kuwalipa waende kwenye vikao vya umma waandike yaliyosemwa. Uingereza BBC inagharamia waandishi kama 165 walioajiriwa na vyombo vya mitaani, kazi yao ni mabaraza. Wote hao, pamoja na pesa zao, wanafanya nini? Wanakaa kwenye kiti. Acheni kusubiri mfadhili, acheni kusubiri kamera nzuri, acheni kusubiri gazeti lifufuke.

Jambo la pesa nalisema kwa ukali kidogo mnisamehe. Ukianza kuonekana utaitwa pembeni. Utapewa bahasha, "nauli tu hii", au utaahidiwa tenda ndogo. Usipokee hata ya nauli. Siku ukipokea, hata ukiandika ukweli mtupu atakuonesha meseji ya muamala na mdomo wako umefungwa. Nenda kwa miguu kama huna nauli, au mchangiane na hao wawili watatu niliosema. Na usiandike kitu ambacho huna karatasi yake, hata kama mji mzima unakijua, kwasababu sheria za kashfa zinawasubiri watu kama sisi ambao hatuna wakili wa kampuni nyuma yetu. Kiasi, tarehe, jina la mradi, nani alisema nini kwenye kikao gani. Basi.

Kuhusu hiyo barabara yenu dada, usianze na barabara yenyewe. Anza na ripoti ya mkaguzi wa hesabu ya mwaka uliopita, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya hoja zilizojirudia, zile ambazo mkaguzi aliuliza mwaka juzi na hazijajibiwa. Hapo utakuta majina ya miradi. Chukua mmoja tu, omba mkataba wake, angalia tarehe ya kukamilika na kiasi kilicholipwa mpaka sasa, halafu ulizia kikao cha kamati ya fedha kinakaa lini. Fika nusu saa kabla, maana makabrasha huwa yanagawiwa kabla ya kuanza na nakala huwa hazitoshi.