Dizeli ya zamani kugoma kuwaka asubuhi ya baridi Newala

Pole kaka. Kwa hiyo, hiyo Hilux yako ya dizeli, asubuhi za Juni hapo Newala selfu inazunguka kwa nguvu ila haiwaki mpaka jua litoke, ukishuka nayo Mtwara mjini inawaka mara moja. Basi usikimbilie kununua betri, kama selfu inazunguka hivyo betri haina kosa. Newala iko juu, baridi ya alfajiri kule si mchezo, na dizeli haina cheche kama petroli, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa kwenye silinda, sasa injini ya baridi na imeshachoka lazima plagi za hita, vile vijiti vya umeme vinavyopasha joto ndani ya silinda, ziisaidie.

Kesho mtu asimame nyuma aangalie ekzosi. Ukipiga selfu ukatoka moshi mweupe unaouma macho, dizeli inafika ila haiungui, anza na hita. Fungua kile kibati kinachoziunganisha, chukua taa ya kupimia, klipu weka kwenye chanya ya betri, ncha gusa kichwa cha hita mojamoja, ambayo haiwashi taa imekufa. Zikiwa nzima zote angalia fyuzi na rilei yake, ile swichi inayopeleka umeme kwenye hita.

Hakuna moshi kabisa? Huenda hewa imeingia kwenye njia ya mafuta usiku, bonyeza ile pampu ya mkono pale kwenye filta mpaka iwe ngumu ndo upige selfu.

Ila nakuomba sana, fundi asipulizie petroli kwenye njia ya hewa, ikikutana na hita ya moto inalipuka kabla ya wakati, inaharibu pistoni na inaweza kumuunguza mtu.